Vilima Vinne, Kibosho

Mwaka ule ungo wa baba mdogo ulikuwa mpya juu ya bati,
na ukoo wote ulikuwa umepanda nyumbani, kama kila Desemba:
magari ya Dar yamejaa hadi geti la kanisa,
na lile moja la Nairobi, lenye watoto watatu walioogopa ng'ombe.

Tulitafuta mpira. Tukapata watu wanaoruka.
Mtangazaji alisema Kijerumani, hatukuelewa hata neno,
lakini hofu haihitaji mkalimani:
mtu ameketi kwenye ubao juu ya genge jeupe,
anasubiri taa, anasubiri upepo,
kisha anajiachia
kama kitu kilichomponyoka Mungu mkononi.
Hewani hapigi kelele. Amelalia upepo kifudifudi,
pua inakaribia ncha za mbao zake,
na anapotua anatanguliza mguu mmoja,
kama mtu aliyetaka kupiga goti altareni akaghairi.

Shangazi Ndekirwa, mikono ikiwa kwenye mchicha, akauliza:
"Na hao nao wana mama zao?"

Vilima vinne. Hilo tulilielewa:
leo huku, kesho kutwa kule, Mwaka Mpya katikati.
Basi nasi vilima tunavyo. Tunavyo kupita kiasi.

Kesho yake tukapasua madumu ya mafuta ya kupikia,
tukayasugua matako kwa maganda ya ndizi mbivu.
Kilima cha kwanza, nyuma ya mashine ya kahawa.
Cha pili kwa Mmasi, mpaka alipotufukuza.
Cha tatu kilikuwa makaburini, mama akakataa,
tukahamia zahanati, ambako, alisema Anaeli,
angalau dawa ya kidonda ipo jirani.
Cha nne mteremko wa mfereji,
na ukingo wa mfereji ndio uliotutupa angani.

Nchi tuligawana. Watoto wa Nairobi walikuwa Kenya,
hilo halikuwa na mjadala. Dar wakachukua Ujerumani.
Anaeli akawa Norwei, akidhani ni kisiwa.
Mimi nikabaki na Tanzania.
Aikaruwa, miaka tisa, hakuulizwa na mtu;
akasema yeye ni Kibosho.

Majaji watano ukutani, alama kwa vidole,
ya juu inatupwa, ya chini inatupwa,
kwa hiyo undugu haukumsaidia yeyote.
Umbali ulipimwa kwa hatua za Anaeli,
zilizorefuka kila alipompima mpinzani.
Nilianguka mara mbili. Kenya iliongoza vilima vitatu
na kuanza kuongea kwa kujiamini kuhusu ng'ombe.

Siku ya nne mjomba Elinaja alishuka kutoka mlimani,
mabega yamechubuliwa na mizigo ya wageni,
akaweka chupa ya chai juu ya jiwe. "Kombe," akasema.
"Nimelijaza juu kabisa, kwa mikono yangu, kabla ya jua."
Tukanyamaza.
Theluji ile tuliiona kila asubuhi mawingu yakifunguka,
kama tunavyoliona bati la tajiri.
Hakuna aliyewahi kuigusa.

Sisi sote tulikuwa tukijitupa tu. Aikaruwa alisubiri.
Alilamba kidole, akakiinua,
akangoja mpaka majani ya migomba yatulie.
Kenya wakamzomea. Akaendelea kungoja.
Kisha dumu likanguruma, mfereji ukampokea, ukamrusha,
na kwa muda wa kutamka jina lake
alikuwa juu ya mibuni, gauni limejaa,
hadaiwi na mtu.

Alitua kwa goti. Goti lenyewe, halisi.
Hatua kumi na tatu, hata kwa miguu ya Anaeli.

Tulipofungua chupa, ndani yalikuwa maji.
Maji tu, na jani moja la chai la siku nyingine.
Mjomba alitazama pembeni.
Aikaruwa aliyachungulia, akayanusa,
akayamimina yote kwenye goti lenye damu
na hapo ndipo alipopiga kelele,
kelele aliyoikosa angani:
"Bado ni baridi! Jamani, bado ni baridi!"